Kidole Kimoja kwa Watu Wawili

Mashati arobaini na mawili yalirudi Jumatatu asubuhi, yamekunjwa vizuri ndani ya kiroba, na mwalimu wa nidhamu aliyeyaleta hakutamka neno mpaka alipoyapanga yote juu ya benchi la wateja. Wateja waliokuwa wameketi pale ikabidi wasimame. Mmoja alikuwa amekuja kupunguziwa kiuno cha suruali, mwingine kubadilishiwa zipu, na wote wawili walikata shauri kimoyomoyo kwamba haraka zao zimekwisha, maana hapa palikuwa na jambo la kutazama.

"Shikamoo, mama," mwalimu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Yamewabana?"

"Hayajawabana. Naomba utie kidole mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wowote utakaokupendeza."

Fundi huyo aliitwa Sentimita, jina alilobandikwa na mafundi wenzake kwa sababu aliweza kumtazama mtu akivuka barabara na kukutajia upana wa mabega yake bila kugusa tepu. Sare za shule ile alikuwa amezishona kwa miaka ishirini na mitatu. Alichukua shati la juu, akatafuta mdomo wa mfuko wa kifuani, akapapasa kushoto, akapapasa kulia, asiuone. Mfuko ulikuwa umeshonwa pande zote nne, kwa mshono wa mara mbili, ulionyooka kama rula. Akachukua la pili. Akachukua la tatu. Kufikia la kumi vidole vyake vilikuwa vikipapasa haraka haraka, kama vya mtu aliyepoteza ufunguo.

"Wanafunzi wamefurahi sana," mwalimu alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa mbele ya mstari wa asubuhi. "Wanatia kalamu, kalamu inaanguka. Wananiambia hawawezi kuandika, fundi amekataa. Darasa zima, mama. Siku nzima naokota kalamu."

Mwenye zipu akacheka, kisha akajitia kukohoa.

Sentimita aliliweka shati chini. "Nani kashona hivi?" aliuliza.

Chumba kile kilikuwa na cherehani moja na kiti kimoja.

"Ijumaa," mwalimu alisema, sasa kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Ukiyarekebisha kufikia Ijumaa, yameisha. Yasipokuwa tayari, mkuu wa shule amesema sare atapewa fundi wa kule sokoni. Mimi nimetumwa tu."


Nyumba ya Sentimita iliendeshwa kwa utaratibu. Mumewe alikuwa mtunza stoo wa kinu cha unga kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na watu wote walimwita Mzee Stoo, mkewe akiwa wa kwanza. Kazi yake kubwa pale kinuni ilikuwa kupokea malori ya nafaka. Alikuwa na bambo, kile chuma cha ncha chenye mfereji, akilichoma kwenye gunia na kuchota punje chache kiganjani. Kwa punje hizo alipitisha lori zima au alilirudisha lilikotoka. Hakuwahi kukosea, kwa ushahidi wake mwenyewe.

Miaka sita iliyopita yeye na mkewe waliambiwa, ndani ya wiki moja, kwamba wana sukari. Walipewa vidonge vya aina moja na wakanunua mashine moja ndogo ya kupimia. Vikaratasi vya mashine hiyo vilikuwa ghali, kikopo kimoja kikimeza mapato ya mashati sita, na Mzee Stoo alijifungia na suala hilo kwa siku mbili kabla ya kutoa uamuzi. Watu wawili wanaokula sufuria moja, wanaolala chumba kimoja na kuamka saa moja, ni shehena moja. Kuwapima wote wawili ni ufujaji. Basi kila asubuhi kidole chake kilitobolewa kwa niaba ya nyumba nzima. Namba ikiwa juu, kila mmoja anameza vidonge viwili. Ikiwa ya wastani, kimoja kimoja. Namba aliiandika kwenye daftari kwa wino wa bluu, chini ya kichwa alichokipigia mstari: SUKARI YA NYUMBA.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa na ladha ya machungwa. Kila alasiri Mzee Stoo alikwenda kwa fundi viatu kucheza drafti, na kila alasiri, kati ya mchezo wa kwanza na wa tatu, alikunywa chupa mbili za soda. Fundi viatu alijua. Muuza soda alijua. Nyuki walijua. Daftari halikujua. Namba ilipanda, Mzee Stoo aliitazama kwa huzuni ya kiofisi, akasema, "Mke wangu, leo tumepanda," na Sentimita akameza vidonge viwili kwa ajili ya soda ambazo hajawahi kuzionja.

Siku za namna hiyo, ilipofika saa nne asubuhi, akiwa cherehanini, jasho lilimtoka ghafla mpaka mgongo wa gauni ukalowa. Mikono ilitetemeka. Maneno yalimjia polepole, mengine hayakuja kabisa. Alimweleza mumewe.

"Umri huo," Mzee Stoo alisema. "Mambo ya kike. Hata mama yangu alikuwa akitoka jasho hivyo hivyo."

Na suala likafungwa.


Jumatatu hiyo jioni kikao kiliketi mezani, wajumbe wakiwa watatu. Wa tatu alikuwa binti yao, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Baba, mifuko arobaini na miwili. Haina mdomo hata mmoja."

"Macho hayo. Atafutiwe miwani."

"Asiyeona ndiye anayenyoosha mshono namna ile?"

"Basi alikuwa na haraka."

"Jana kaniuliza mara tatu kama nimelipa maji."

"Ulikuwa umelipa?"

"Bado."

"Basi akili yake haina neno. Wewe ndiye wa kupelekwa hospitali."

Sentimita alicheka kuliko wote. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na kicheko chake kilimaliza mijadala mingi ya nyumba ile kabla haijafika popote. Lakini safari hii binti hakucheka.

"Mama, mwezi uliopita ulipotea njia ya kurudi kutoka dukani kwetu. Hukumwambia baba."

"Sikupotea. Nilipita kwingine."

"Nilipigiwa simu na mwenye duka la dawa, nikaja kukuchukua. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi."

"Miguu ilikuwa inauma." Sentimita aliinuka, akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. "Mnanizungumza kama shati lililoletwa kubadilishwa kola. Nipeni mpaka Ijumaa. Nafumua, nashona, namrudishia yule kijana wa nidhamu mashati yake, na mtu asitaje tena neno mfuko mezani kwangu."

Hakuogopa kuzeeka. Aliogopa sauti ile ya upole ya mwalimu. Kwa miaka ishirini na mitatu watu walikuwa wamemkasirikia kwa kuchelewesha nguo, wamemgombeza, wamemtishia, naye akawajibu. Hakuna aliyewahi kumwonea huruma akiwa kwenye kiti chake.


Alifumua Jumanne, akafumua Jumatano. Kazi ya kufumua haihitaji akili, inahitaji wembe na subira, na vyote alikuwa navyo. Alhamisi asubuhi namba ya nyumba ilikuwa kumi na nne nukta moja. "Tumepanda," Mzee Stoo alisema. Sentimita alimeza viwili juu ya kikombe cha chai isiyo na kitu, akawahi kazini bila kula.

Binti alipita saa tano kumletea maandazi. Cherehani aliisikia tangu mlangoni ikienda kwa kasi, akafurahi. Alipoingia alimkuta mama yake ameinama, jasho linadondoka kidevuni, anasukuma shati chini ya sindano. Uzi ulikuwa umekatika zamani. Sindano ilipanda ikashuka ndani ya kitambaa kitupu, na mashati kumi na tisa yaliyokwisha kupita yalikuwa yamerundikwa sakafuni, yana vitundu vidogo vilivyojipanga vizuri, hayana mshono hata mmoja.

"Mama."

"Ngoja nimalize hili."

"Mama, hakuna uzi."

Sentimita aliinua uso. Alimtazama bintiye kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja mpya. Kisha akateleza taratibu kutoka kitini, na binti akamdaka kabla kichwa hakijagonga chuma cha cherehani.


Hospitalini walipokelewa haraka, jambo ambalo Mzee Stoo alilitafsiri kama heshima kwa umri wake. Alikuwa ameitwa kutoka kwenye drafti, aliyoiwahi mapema siku hiyo, akapitia nyumbani, akaja na daftari kwapani, tayari kwa ukaguzi. Mkewe alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amechomekwa mrija mkononi.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yao, amevaa raba. "Sukari yake ilikuwa mbili nukta moja," alisema. "Kidogo tu angetuacha. Leo asubuhi alipima?"

"Tulipima. Kumi na nne nukta moja."

"Haiwezekani."

"Imeandikwa." Mzee Stoo alifungua daftari juu ya magoti, akalisukuma mbele. Miaka sita, kila siku, bila kufuta. Alingoja sifa.

Daktari alifunua kurasa. Alifunua nyingine nyingi. "Hizi namba ni za nani?"

"Zetu."

"Zenu, wewe na nani?"

"Mimi na mama. Za nyumba." Na kwa kuwa daktari alizidi kumkodolea macho, Mzee Stoo alimfafanulia, kwa upole wa mkufunzi, habari ya sufuria moja, ya shehena moja, ya sampuli na lori. Alieleza vizuri sana. Nesi aliyekuwa akifunga bandeji kitanda cha pili aliacha kufunga. Binti aliinamisha kichwa akatazama sakafu, akatamani ingekuwa na mlango.

"Kwa hiyo mama hajatobolewa kidole miaka sita."

"Nilimwepushia maumivu."

"Nipe chako."

Alipimwa hapo hapo, mbele ya wagonjwa wanne na mama mmoja aliyekuwa amepotea njia ya kwenda kliniki ya meno. Kumi na tano nukta nane. Daktari aliandika namba hiyo karibu na ile nyingine, moja juu, moja chini, akamgeuzia karatasi.

"Sufuria moja," alisema.

Mzee Stoo alizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Aliyajua malori. Aliijua sampuli iliyochezewa anapoiona.

"Mzee wangu, uzito wako ni kilo tisini na moja. Mama ana hamsini na mbili. Hiyo peke yake ingetosha kuwatenganishia dozi. Lakini kuna zaidi. Ubongo hauna stoo. Mwili mwingine unaweka akiba, ubongo unakula sukari inayofika saa hiyo hiyo. Ikikatika, unakaa na njaa. Leo njaa, kesho njaa, miaka sita."

"Yeye alikuwa akitoka jasho tu," Mzee Stoo alisema. "Mambo ya kike."

"Ndivyo kila mtu anavyosema, na ndiyo maana tunawapata wamechelewa. Wanaochunguza mambo haya wanaona kwamba sukari humwongezea mwanamke hatari ya kupoteza kumbukumbu kuliko inavyomwongezea mwanaume. Hedhi ikikoma, hata namna ubongo wake unavyotumia sukari hubadilika. Kwa nini hasa, bado wanabishana. Hawabishani kuhusu kumpima."

Sentimita alipozinduka vizuri daktari alimpa maneno matatu ya kushika: kijiko, barabara, shangazi. Akamwambia achore uso wa saa. Fundi huyo, ambaye alikata mviringo wa kola kwa jicho tupu, alichora duara zuri mno, kisha akapanga namba zote upande mmoja, zimebanana kama watu kwenye foleni, na upande wa pili akauacha mweupe.

"Vizuri, mama. Sasa nikumbushe yale maneno matatu."

"Ulinipa maneno?" Sentimita aliuliza.

Binti alimfuata daktari koridoni. "Itarudi? Akili yake."

"Tutarekebisha dawa, tutampima, huenda ikatulia kwa muda. Iliyoondoka sijui kama itarudi. Sipendi kukudanganya."

"Kama tungempima tangu mwanzo?"

Daktari alikuwa ameitwa kitanda kingine, au alijifanya ameitwa.


Ijumaa ilipita. Fundi wa sokoni alipewa sare, na mwalimu wa nidhamu akaja mwenyewe kuchukua mashati, yaliyotoboka na yasiyotoboka, akasema mama apone haraka. Wateja wengine walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri: harusi imesogezwa, mtoto amenenepa, mawazo yamebadilika. Mwisho wa mwezi chumba kilirudishwa kwa mwenyewe, cherehani ikabebwa hadi sebuleni.

Jioni hiyo binti alifunga mlango wa jikoni. "Baba, kuna kitu sijakuuliza."

"Uliza."

"Mama hali sukari. Wewe huli sukari. Kumi na tano ilitoka wapi?"

Mzee Stoo alikuwa akiosha kikombe. Alikiosha ndani, akakiosha nje, akakiosha mpini. "Mwili wa mtu mzima," alisema.

Binti alingoja. Alikuwa karani, alizoea kungoja mteja mpaka aseme ukweli kuhusu idadi ya mabati. Lakini huyu alikuwa baba yake, naye mabega yalikuwa yamemshuka, na binti akaondoka bila kuupata.

Tangu siku hiyo Mzee Stoo hakuonekana tena kwa fundi viatu. Alinunua daftari la pili. Alitoboa vidole viwili kila asubuhi, chake kwa nguvu, cha mkewe kwa woga kiasi kwamba damu haikutoka na ilibidi arudie. Alibandika karatasi kwenye makabati kama alivyofanya kinuni: VIKOMBE, CHUMVI, DAWA ZA MAMA. Sentimita alizisoma kwa sauti akipita, akamsifu aliyeziandika kwa mwandiko mzuri. Alimuuliza bintiye kama mzee huyu amepangishwa chumba au anasaidia tu. Siku nyingine alimjua, akamwita jina lake, akamtania kuhusu tumbo lake, na hizo ndizo siku alizoziogopa Mzee Stoo, kwa sababu siku hizo angeweza kumwambia na hakumwambia.

Daktari alisema namba za Sentimita sasa ni nzuri. Gunia lilikuwa limepita ukaguzi, na ndani hamkuwa na kitu.


Mwezi wa nane, alasiri moja, alivuta kiti cha plastiki akaketi karibu na cherehani. Sindano ilikuwa imetolewa kwa usalama, lakini Sentimita aliendelea kukanyaga, akipitisha kipande cha pazia la zamani, akikigeuza, akikipitisha tena. Binti alikuwa jikoni akisuuza vyombo.

"Nina neno," Mzee Stoo alisema.

"Sema, nasikia. Mimi nashona kwa mikono, masikio hayana kazi."

Akasema. Alianza na mchezo wa drafti, akazunguka sana huko, akataja hata kete alizokula, na mwishowe akafika kwenye chupa. Mbili kila siku. Miaka sita. Alisema kwamba kila alipoiona namba ya asubuhi alijua ni ya chupa, na kwamba alijiambia kidonge kimoja cha zaidi hakijawahi kumdhuru mtu. Alisema mkewe alimeza, kila mara, kwa kuwa alimwamini. Jikoni bomba lilikuwa limefungwa.

Sentimita aliacha kukanyaga. Alikuwa amesikiliza kwa makini kama zamani, kichwa kimeinama kidogo upande, na kwa nukta chache Mzee Stoo alikuwa na hakika kwamba amemfikia.

"Na mke wako anajua?" aliuliza.

"Ndiyo namwambia."

"Alimeza dawa za soda zako wewe."

"Ndiyo."

"Pole yake." Alitikisa kichwa. "Mimi nina bahati. Mume wangu hawezi jambo la namna hiyo. Mtu wa stoo yule, hakuna asichokipima."

"Labda na yeye alikosea."

"Baba," Sentimita alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole sana, "mume wangu usimtie kwenye mambo yako. Kama umekuja kushonewa, nakushonea. Umeleta kitambaa?"

Hakuwa nacho. Alivua koti lake akampa. Sentimita alilipokea, akalishika mabegani, akamtazama mara moja tu kutoka juu hadi chini, bila tepu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kazi yake.

"Umepungua," alisema. "Nitaliingiza ndani pande zote mbili. Njoo Alhamisi."

"Sawa, fundi."

Binti alipotoka jikoni alimkuta baba yake bado ameketi pale, na mama yake ameshaanza kufumua. Aliyepaswa kusema alikuwa ameshasema.

Alhamisi Mzee Stoo alipima vidole viwili, akaandika namba mbili, akampa mkewe kidonge chake kimoja na kikombe cha maji. Kisha alinyoa, akavaa viatu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba mpaka mbele. Alisimama mlangoni mwake. Akapiga hodi, akangoja.